Meno ya Maji ya Chai: kumbukumbu ya wiki kumi na mbili

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru, na mtu anayezijua sehemu hizi hutambua nilikotoka mara tu nifunguapo kinywa. Meno yangu mawili ya mbele ya juu yana mabaka ya kahawia yaliyoanza kuonekana nikiwa darasa la tatu, na yaliyo jirani yake yana mistari myeupe isiyong'aa, mithili ya chokaa. Nikiwa Dar es Salaam watu hudhani navuta sigara, ilhali sijawahi kuvuta hata moja. Kwa miaka mingi nimezoea kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Januari mwaka huu niliamua kuzijaribu njia za nyumbani za kung'arisha meno, moja baada ya nyingine, na kuandika kila ninachokiona, ili nijue kwa hakika ni kipi kinachofanya kazi kwenye meno yangu na ni kipi kinachoyaharibu.

Namna ninavyopima

Kila Jumapili saa moja asubuhi ninakaa kwenye kiti kilekile, mbele ya dirisha la mashariki, nikiwa nimeshika karatasi nyeupe chini ya kidevu, na mke wangu ananipiga picha kwa simu bila mwanga wa flashi. Karatasi hiyo ni muhimu, kwa sababu simu hubadilisha rangi za picha kadiri mwanga unavyobadilika, na weupe wa karatasi ndio unaonionyesha kama picha mbili zinaweza kulinganishwa. Jambo jingine nililojifunza mapema ni kulamba meno kabla ya picha. Jino likikauka kwa dakika chache tu huonekana jeupe kuliko lilivyo, kisha hurudia rangi yake likipata mate. Nadhani picha nyingi za "kabla na baada" tunazoonyeshwa zimebebwa na jambo hilo peke yake.

Wiki ya 1 na ya 2: limau na chumvi

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza njia hii, kwa nia njema kabisa, nami nilianza nayo kwa kuwa limau halikosekani jikoni kwetu. Nilisugua kila asubuhi. Siku ya tatu niliona weupe nikafurahi. Siku ya tano nilikunywa maji ya mtungi yaliyopoa usiku, na meno yote ya mbele yakapata ganzi kali iliyonifanya niinamishe kichwa na kushika shavu hadi ilipopita. Niliacha siku hiyohiyo, lakini ganzi ilidumu zaidi ya wiki nzima.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Asidi hupimwa kwa pH, na namba ikishuka ukali unazidi. Maji ya limau yako kati ya pH 2 na 3, na enameli, yaani lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya takriban 5.5. Weupe nilioufurahia haukuwa usafi. Ulikuwa uso wa enameli uliochunwa ukapoteza mng'ao. Enameli ikishaondoka haioti tena, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano, kwa hiyo anayeikwangua enameli ili apate meno meupe anaelekea kwenye meno ya manjano zaidi. Tangu hapo, hata nikila chungwa au nikinywa soda, nasukutua kwa maji matupu na kusubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Wiki ya 3: kwa daktari wa kinywa na meno

Hapa ndipo nilipopaswa kuanzia. Nilimwamkia daktari, mama wa makamo, akaitikia na kunikalisha, kisha akakausha meno yangu kwa hewa na kunipa kioo kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, una rangi mbili humu, na kila moja ina hadithi yake. Usizitibu kwa dawa moja."

Rangi ya kwanza ilikuwa juu ya jino: madoa ya chai kwenye shingo za meno karibu na fizi, kwenye nafasi kati ya jino na jino, na upande wa ndani wa meno ya chini, ambako pia kulikuwa na ugaga ulioganda kama jiwe. Madoa ya aina hii hutokana na tanini za chai na kahawa, tumbaku, tambuu, mirungi, na hata baadhi ya dawa za maji za kuongeza damu. Rangi ya pili ilikuwa ndani ya enameli yenyewe: yale mabaka ya kahawia na mistari ya chokaa. Alinionyesha kwamba mistari hiyo inakatiza jino kwa upana na kwamba jino la kulia na la kushoto yamefanana karibu kama pacha. Doa la chai halina mpangilio huo. Alama zenye mpangilio wa namna ile zimetoka kwenye maji niliyokunywa utotoni.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi nyingi, aina ya madini yanayoyeyuka majini, kwenye mito na chemchemi zetu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na maji ya upande wetu hukipita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati enameli ya meno yake ya kudumu inajengwa ndani ya taya, enameli hiyo hutoka ikiwa na vinyweleo vingi, na baada ya jino kuota vinyweleo hivyo hufyonza rangi na kugeuka kahawia. Nilifarijika kujua kwamba hata Colorado Springs, Marekani, watu walikuwa na meno kama yetu. Daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyachunguza mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini ni mwaka 1931 tu ndipo floraidi ya kwenye maji ilipotambuliwa kuwa chanzo. Nikiwa shuleni mjini niliwahi kuambiwa mbele ya wenzangu nikapige mswaki. Ningetamani mtoto yeyote wa Meru asiambiwe hivyo, kwa sababu haya si uchafu.

Daktari alikwangua ugaga wa nyuma ya meno ya chini, kwa kuwa huo hauondoki kwa njia yoyote ya nyumbani, na kwa ombi langu akaniachia madoa ya chai ya mbele ili niendelee na majaribio. Aliweka kandokando ya meno yangu ya chini kile kipimo chao cha rangi chenye vivuli 16 na kuandika A3.5; katika kundi hilo la A, namba ikipungua jino ni jeupe zaidi.

Wiki ya 4 hadi ya 6: soda ya kuokea

Nazungumzia baikaboneti ya soda, si bekingi pauda, ambayo imechanganywa na asidi na wanga. Wala si magadi ya kupikia makande, ambayo katika nchi yetu yanaweza yenyewe kuwa na floraidi nyingi. Mara mbili kwa wiki nililowesha robo kijiko cha chai kwa maji kidogo na kupiga mswaki laini kwa dakika moja, bila kukandamiza. Siku nyingine nilitumia dawa ya meno ya kawaida. Soda hii ina chembe laini zinazoyeyuka upesi, na haina ukali wa asidi, kwa hiyo ni ya upole kuliko unga mwingi unaosifiwa mitaani. Kufikia wiki ya sita, ule mstari wa kahawia kwenye shingo za meno ya juu ulikuwa umefifia wazi katika picha. Mabaka hayakuguswa.

Wiki ya 7: mkaa

Nilisaga mkaa wa kuni hadi ukawa vumbi, nikautumia siku tatu. Vumbi lilijikita kati ya fizi na jino na kuacha ukingo mweusi uliochukua siku mbili kutoka, na nilihisi mkwaruzo kila nilipopitisha ulimi. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mkaa, na waandishi wake hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha meno au kwamba ni salama. Sikuona sababu ya kuendelea hadi mwisho wa wiki.

Wiki ya 8 hadi ya 12: mswaki wa mti, na kikombe cha chai

Mswaki nilinunua kwa mzee anayeuza nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Ni mzizi wa mti uitwao mswaki, *Salvadora persica*, ambao ndio uliotupa jina tunaloliita hata burashi ya plastiki. Mzee alinifundisha kuchagua: "Nusa kwanza, kijana. Usio na harufu umeshakufa." Nilimenya gamba la ncha kwa urefu wa kama sentimita moja, nikautafuna taratibu hadi nyuzi zikachanua kama brashi ya mchoraji. Kwanza ulinikereketa ulimi kama haradali, kisha ukabaki ubaridi mwembamba. Nyuzi zikilegea unakata ncha na kuanza upya. Ukikauka unaulaza kwenye maji. Nilisugua jino mojamoja kutoka kwenye fizi kuelekea ncha, kamwe si kwa kukatiza, kwa sababu msukumo wa kukatiza hula fizi. Mti huu una chembe laini za silika, madini kama ya mchanga, zinazosaidia kuondoa madoa pamoja na kemikali zinazopambana na bakteria wa kinywani. Niliutumia adhuhuri na alasiri, na asubuhi na usiku nikapiga mswaki kwa dawa ya meno.

Sambamba na hilo nilibadili chai. Nilikuwa nikinywa chai ya rangi vikombe vinne au vitano, nikiinywa kidogokidogo kutwa nzima pale dukani. Sasa nakunywa viwili, vyote vya maziwa, kwa kuwa protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana na tanini kabla hazijashika jino, na baada ya kikombe nasukutua kwa maji. Nikiambiwa nitaje jambo moja lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, nitataja hili, ingawa halina uzito wa dawa machoni pa watu.

Jumapili ya kumi na mbili tulipanga picha zote mezani. Madoa ya shingoni na ya kati ya meno yameondoka. Daktari alisoma meno ya chini kuwa A3, hatua moja tu, lakini ya kweli. Mabaka ya kahawia yako palepale yalipokuwa Januari. Kwa hayo, alisema, kuna kazi ya kliniki: kuusugua uso wa enameli kwa asidi maalumu kwa kipimo, huku fizi zikiwa zimekingwa, au jeli ya kung'arisha ya peroksaidi kwenye kifuniko cha meno kinachovaliwa usiku chini ya uangalizi wake. Nimepanga miadi ya Juni, na hadi wakati huo nitaendelea na mswaki na soda.

Nyongeza ya wiki ya 12: mkaa mwingine

Binti yetu ana miezi saba na ameanza uji. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata pale mama anapokunywa maji yetu, lakini uji unapikwa kwa maji yaleyale niliyokunywa mimi, na enameli ya meno yake mawili ya mbele ya kudumu inajengwa sasa hivi, katika miaka hii michache ya mwanzo. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua, floraidi hubaki.

Hapa Arumeru, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa na enameli vimejengwa kwa madini ya jamii moja, ndiyo maana mkaa huo unaikamata floraidi kama jino linavyoikamata, nao ukishiba hubadilishwa. Nimekuwa nikijisugua kwa mkaa usiofaa, na unaofaa ulipaswa kuwa ndani ya ndoo.

Kwa sasa tumeanza na maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Masika yameanza. Nimefunga mfereji kwenye bati la upande wa jikoni, nikaacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa na kumwagika nje, kisha nikauelekeza kwenye tangi la lita elfu moja. Leo asubuhi maji yamefika kwenye mstari wa tatu kutoka chini. Mama yangu ameteka ndoo ya kwanza, akaifunika kwa sinia na kuifunga utepe mwekundu kwenye mpini wake, ili mtu yeyote nyumbani ajue kuwa hayo ni maji ya uji wa mtoto.