Trekta la Mzee Kabla ya Vuli

Mwezi wa tisa huku Kanda ya Ziwa pamba imeshauzwa, mashamba yamelala, na vumbi ndilo lenye nchi kuanzia Misungwi hadi Magu. Kila kaya yenye trekta la zamani, bonati iko wazi. Vuli haiko mbali, na haya ndiyo majira ya kutambiana: la kwetu la mwaka 1968, la kwenu je? La kwetu linawaka bila kusukumwa, na la kwenu?

Ubishi wa mwaka una dawa yake. Trekta la Massey Ferguson (MF) 135 lilitoka mwishoni mwa 1964, na kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliacha kuliunda 1975. Anayekuambia 135 yake ni ya 1960, huenda anayo MF 35, iliyotangulia. Tazama bonati: ya 35 ina mgongo wa mviringo, ya 135 ina pembe. Kadi ya usajili peke yake haitoshi, maana tarehe ya kusajiliwa si ya kuundwa. Soma kibati cha namba kwenye dashibodi, kisha namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Injini nyingi zimeshabadilishwa huko njiani, wala hakuna ubaya, mradi usimwapie mtu kuwa ni ile ile ya kiwandani.

Kwenye rangi ndipo vijana wanapoharibu. Naielewa hamu yao: nyekundu ya bonati na madigadi ikikaa juu ya kijivu cha injini na gia boksi, trekta linapendeza na mzee anapigwa picha. Lakini wengi wanapaka wakiwa wameosha nusunusu, na bila kuziba kitu. Oshea dizeli na brashi kwanza, halafu maji ya sabuni, acha likauke juani. Kisha ziba kwa utepe nipeli zote za grisi (vile vichuchu vya kuingizia grisi), kibati cha namba, kioo cha saa, na pale waya wa ardhi wa betri unapofungwa kwenye chuma. Nipeli ikishapakwa rangi, pampu ya grisi haiishiki vizuri. Grisi inatokea pembeni, mtu anadhani imeingia. Msimu ukiisha bushi za ekseli ya mbele zinacheza na usukani unayumba. Mapezi ya redieta yakizibwa na rangi, injini inachemka. Na rangi ikiingia chini ya waya wa ardhi, stata inagugumia mpaka unanunua betri mpya bure.

Tena msioshee ziwani. Oili inabaki majini, na anayesimama humo na brashi anajitafutia kichocho.

Kuna kitu kidogo ambacho, kwa maoni yangu, kinaua 135 nyingi kuliko kazi yenyewe: mpira uliovalishwa kwenye wenzo wa gia. Ukipasuka, mvua inashuka moja kwa moja ndani. Kwenye trekta hili gia, difu (gia za ekseli ya nyuma) na haidroliki vinatumia oili moja, na pampu ya kunyanyua imekaa humo humo ndani, kwa hiyo maji yakiingia yanaharibu vyote kwa pamoja. Njia ya kupima ni hii: acha trekta limesimama usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha legeza bolti ya kumwagia oili taratibu mpaka ianze kudondosha. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Yakitoka matone machache kisha oili safi, yaache yaishe, kaza, badilisha mpira. Ukikuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, hakuna ujanja: imwage yote ikiwa ya moto na uweke nyingine. Mpira mpya ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na hasara hiyo. Na kama trekta linalala chini ya mwembe, mwembe si banda. Ukikosa bati, angalau kata kidumu cha plastiki ufunike hapo kwenye gia.

Ugonjwa wa pili ni hewa kwenye dizeli. Tangi limeachwa likauke, au filta imebadilishwa, na sasa injini inazunguka tu haiwaki. Injini ya 135 ya dizeli ni Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, na kuitoa hewa hakuhitaji fundi wa kutoka mjini. Jaza tangi, fungua koki. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya kuvutia dizeli mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye pampu ya nozeli: ina skrubu mbili za kutolea hewa, moja ubavuni, nyingine juu kwenye kifuniko cha gavana, kile kidhibiti mwendo wa injini. Fanya vilevile, ya chini kwanza. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, vuta wenzo wa mafuta mpaka mwisho, hakikisha kizimio kimerudishwa ndani, piga stata. Dizeli ikiruka kwenye nati, kaza.

Mkono ule wa pampu ukiwa mlegevu, hausukumi kitu, usikimbilie kununua pampu. Kemu, ile nundu ya ndani ya injini inayoisukuma pampu, imesimama ikiwa imeisukuma tayari. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Na kama hewa inarudi kila baada ya siku mbili tatu, tazama washa za shaba kwenye viungio. Zikishakuwa ngumu hazizibi. Zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zinalainika.

Haya yote yafanyike kwa spana za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita isiyokaa sawasawa, unaila nati pembe zake, na nyingine ya kufanana utaitafuta Mwanza mjini mpaka jioni. Ukiona trekta lenye nati za asili zenye pembe kali bado, ujue familia hiyo ina adabu na chuma.

Udongo nao una la kusema. Luseni, ule mchanga wa miinuko, hulimika kirahisi lakini unakula sahani za plau, na vumbi lake linakwenda kwenye filta ya hewa. Filta hii ya zamani ina bakuli la oili chini. Kipindi cha vumbi lifungue kila siku; tope likishakuwa nene chini yake, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili ya injini mpaka kwenye alama, usizidishe. Ikizidi inavutwa ndani. Mbuga, ule udongo mzito wa mfinyanzi wa bondeni, ni habari nyingine. Ikiwa kavu ni jiwe, ikilowa sana inanata, na katikati kuna siku chache tu. Sahani 2 zinatosha humo. Wengi wanalima kwa wenzo wa kuweka kimo tu, tairi zinateleza, halafu wanafunga mawe kwenye trekta. Wenzo wa pili, wa drafti, ndio uliomfanya Harry Ferguson ajulikane: plau ikivutwa kwa nguvu zaidi, haidroliki inainyanyua kidogo na uzito unahamia tairi za nyuma. Kwa uzito wa ziada, jaza maji kwenye tairi za nyuma mpaka usawa wa valvu ikiwa juu, yaani robo tatu. Ila mtoto asipande kwenye digadi. Matrekta haya mengi hayana fremu ya kumkinga mtu likipinduka.

Thermostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, nayo iachwe mahali pake. Mafundi wengi wanaing'oa wakidhani injini haitachemka, kumbe inafanya kazi ikiwa baridi muda wote na laina za silinda zinaisha mapema.

Basi Nane Nane ikifika, pale Nyamhongolo au kwenye uwanja wowote yanapopangwa matrekta, nina namna yangu ya kukagua. Kwanza naweka mkono kwenye bomba la moshi kabla hawajawasha. Likiwa la moto, wamelipasha asubuhi wageni hawajafika. Likiwashwa natazama moshi: mweupe wa mwanzo ukiisha upesi ni sawa, wa bluu unaoendelea maana yake oili inaungua, ringi za pistoni au gaidi za valvu zimechoka. Kisha naomba wanyanyue plau na wazime injini. Plau ikikaa juu muda mrefu haidroliki ni nzima. Ikishuka wakati mwenye trekta bado anajisifu, sili zimechoka, na hizo zibadilishwe kabla ya mvua ya kwanza.