Mwasumini wa Bibi

Agosti 2009 nilikwenda Mikindani kumuaga bibi kabla sijahamia Lindi. Wakati wa kuondoka nikakata matawi 12 ya mwasumini wake uliokuwa karibu na kisima, nikachagua yale yaliyojaa vitumba, nikayatia kwenye mfuko wa rambo. Nilitaka nyumba yangu mpya inukie kama kwake.

Lindi nikayachomeka kwenye makopo ya mchanga. Kiangazi, kusi inavuma mchana kutwa. Siku ya tisa hakukuwa na hata jani moja bichi. Nikampigia bibi, nimejaa haya.

“Uliyapanda na maua yake?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mke mwenzangu, tawi halina mzizi unalituma lichanue, maji litayatoa wapi? Ungeyapukuta maua, na majani ukaacha mawili tu ya juu. Basi, mvua ikishika njoo.”

Nilirudi Desemba, ardhi imelowa. Safari hii hakutaka tukate kitu. Alishika tawi refu la chini, akalikunja polepole mpaka likagusa udongo. Chini ya kifundo kimoja akakwangua ganda kwa kisu chake cha samaki, upana wa ukucha. Hapo ndipo mizizi hutokea, na tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likijitafutia miguu. Akachimba kishimo, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, akalilaza, akalifukia, akaweka jiwe la matumbawe juu lisifyatuke. Ncha iliyobaki nje akaifunga kwenye kijiti isimame.

“Usifukue kuchungulia,” akasema. Nami nilikuwa nakaa Lindi! Nadhani alikuwa akijionya mwenyewe.

Mwishoni mwa Februari aliniita. Aliondoa jiwe, akalivuta tawi kidogo, likagoma. Nilimwona akitabasamu kabla hajasema neno. Akanipa kisu nikate mimi, katikati ya mama na mtoto. Mkono ulinitetemeka. Tulipoinua donge la udongo, mizizi myeupe ilining’inia, myembamba kama uzi wa cherehani. Akaivika gunia bichi, nikaipakata ndani ya basi mpaka Lindi.

Niliupanda nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapopita. Mwaka mzima ulitoa majani tu. Vitumba vya kwanza vilipotokea nilivichuma alasiri, vingali vimefumba, kama anavyochuma bibi kwa ajili ya vikuba vyake, vile vishada vya kunukia. Vilikuwa saba. Nikavifunga kwenye jani la mgomba lenye maji, nikamkabidhi kondakta wa basi la mwisho la Mtwara, amwachie kijana wa bibi pale kituoni Mikindani.

Usiku simu ikalia.

“Zimefunguka njiani,” bibi akasema. “Kijana kaingia uani, nimezinusa kabla sijamwona.”