Kambo wa Katuba na mitrayeti ya Kentucky

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi kwa vakansi, kwetu Katuba, na tangu nifike hakuna anayeuliza habari za kazi wala za baridi ya Kentucky, wote wanataka vidio. Vidio yenyewe ni mimi nimevaa visikio vya kuzuia kelele, niko renji moja, uwanja wa kulenga shabaha, nje ya Louisville napiga mitrayeti, zile bunduki za kumwaga risasi mfululizo. Niliiweka status tu, binamu yangu akaichukua akaitupa kwenye grupu ya familia, ikatoka hapo ikaenda kwenye grupu ya parokia, sasa hata mama anayeuza makala ya kupikia pale kona ananiita komanda.

Tatizo ni kwamba watu huku wanajua Marekani ni nchi ya bunduki, basi wanafikiri unaingia duka unalipa unatoka na kitu kinachopiga tatatata. Si hivyo kabisa. Zile za kawaida madukani, hata zinazofanana na za jeshi, unavuta kidole mara moja inatoka risasi moja, kwisha. Za kumwaga zina sheria zake toka 1934, wakati wa majambazi na Thompson zao, serikali ikaweka kodi ya dola 200 kwa kila moja, na enzi hizo dola 200 ilikuwa karibu bei ya Thompson yenyewe. Kodi haijapanda mpaka leo, ni 200 ile ile, ila unapeleka alama za vidole, picha, fomu, halafu unangoja ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, wakubali. Kisha tarehe 19 Mei 1986 ikaja sheria nyingine ikafunga daftari: otomatiki ambayo haikuwa imeandikishwa mpaka siku ile, raia wa kawaida hawezi kuimiliki tena. Zilizopo ndo hizo hizo, zinazeeka, zinaharibika, wanaozitaka wanazidi kuongezeka, kwa hiyo M16 moja yenye karatasi za zamani leo inapita dola 30,000. Na bado kuna majimbo hayataki hata kuiona.

Binamu aliposikia dola 30,000 akasimama. Bunduki moja? Si ununue parseli Lubumbashi hapa ujenge, na chenji ibaki ya gari?

Kilichowachekesha zaidi ni AK. Huku askari anaegemeza AK yake ukutani akinunua karanga, hakuna anayegeuka. Kule AK ya kumwaga iliyo halali mikononi mwa raia ni adimu kweli kweli, maana sheria ya 1968 ilishazuia kuingiza silaha za namna hiyo kutoka nje kwa ajili ya raia, kwa hiyo chache zilizopo wenyewe wanazifungia kwenye kasha la chuma na kuzionesha kwa wageni. Mimi sijui kama nicheke au nilie, lakini ndo hali.

Watu wa Louisville bado wanazungumzia Knob Creek, kule West Point kusini kidogo ya mji, mahali palipokuwa uwanja wa majaribio wa jeshi la majini, ambapo mara mbili kwa mwaka wenye mitrayeti halali walikuwa wanakusanyika kuzipiga, mpaka Oktoba 2021 ikaisha. Mimi nimefika baadaye nikaambulia hadithi. Aliyenipeleka renji ni mwenzangu wa kazini, tunapanga mizigo naye ghala moja, anamfahamu mzee mwenye hizo bunduki. Nilimwambia rafiki yangu wa Bukavu tunayekaa naye jengo moja twende wote, akanijibu ile sauti ya vita ameshaisikia bure miaka mingi kwao, hawezi kutoa dola ili aisikie tena. Sikumlazimisha. Sisi wa Katanga na wao wa Kivu vita havikutupitia sawa.

Sasa huyo mzee ana laisensi ya biashara ya silaha, na wenye laisensi hiyo wanaruhusiwa kuweka hata zile ambazo raia hawezi kununua. Kazipanga mezani toka huku mpaka kule, na kila moja anaijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake, hii ina kasoro gani, ile inapenda mafuta gani. Thompson nilipiga, ni nzito, karibu kilo tano bila risasi, inapanda juu kidogo kidogo usipoikandamiza, lakini uzito wenyewe unakusaidia. MG 42 ya Wajerumani ni balaa, risasi kama 1,200 kwa dakika, husikii moja moja tena, na mkanda wa risasi 50 unaisha chini ya sekunde tatu na kila risasi umeilipia, nikaona hapana, huu ni mchezo wa wenye mashamba ya mafuta.

Mwisho wa meza kulikuwa na kitu chembamba, kitako chake ni waya tu uliopindwa, mdomo mrefu wenye matundu juu karibu na ncha, kimechubuka rangi. Mwenzangu hata hakuiangalia. Mzee akasema hiyo ni Vigneron, ya Ubelgiji, aliyeibuni ni kanali wa huko mwenye jina hilo hilo, jeshi la Ubelgiji likaichukua mwaka 1953 wakawapa na Force Publique, jeshi la kikoloni huko Congo. Nikamwambia mimi ni wa Lubumbashi. Akaniangalia juu mpaka chini akasema, Elisabethville? Jina la zamani la mji wetu! Jamani, mtu wa Kentucky! Toka hapo sikulipa tena, aliniwekea risasi mwenyewe.

Kuipiga ni tofauti na zingine. Haikai na risasi ndani ikikungoja, ukivuta kidole kwanza unasikia chuma kinakimbia mbele tumboni mwake, klaa, ndo moto unatoka, halafu inaendelea, kama risasi 620 kwa dakika wanasema, si kali, unaweza hata kuhesabu ukitulia. Nyuma ya mshikio kuna kipande cha chuma lazima kiganja kikibane, usipobana haipigi. Na ule waya unagonga shavu. Shajeri ya kwanza, kile kikasha cha risasi, katikati ikakwama. Mzee akaitoa, akaitikisa, akasema springi ya zamani. Ya pili ikakwama tena. Hiyo yote iko kwenye vidio, na ndo sehemu kambo aliyoitaka.

Kambo, yaani babu kwa Kiswahili chetu, ni mdogo wake babu yangu, amepita miaka 80, alikuwa jandarme, askari wa Katanga ilipojitenga na Congo chini ya Tshombe, toka 1960 kijana kabisa mpaka mambo yalipoisha Januari 1963. Hizo habari hasimulii. Siku ya kwanza vidio inazungushwa yeye alikuwa amekaa pembeni na redio yake, lakini ile sauti ilipotoka kwenye simu akazima redio.

"Leta huku. Rudisha nyuma. Hapo, simamisha. Ile ni Vigneron. Ulitoa wapi Vigneron?"

"Kule Amerika, kambo."

"Bazungu bako naicheza?"

"Ndiyo kambo, na banalipa."

Akaangalia tena pale inapokwama. Akauliza yule mwenye bunduki alitia masasi ngapi mu shajeri. Nikasema makumi tatu na mbili, ndo inavyoingia.

"Inaingia, lakini haipite. Makumi mbili na munane! Ukijaza yote resori inakufa, sasi inalala. Balituambia siku ya kwanza, hata mu giza unahesabu na kidole, makumi mbili na munane, unaacha." Akageukia wengine na hasira kabisa, "Muzungu wake hajui."

Halafu akainuka akaingia jikoni akatoka na mwiko wa bukari, ugali wetu. Akaubana kwapani, kiganja kimefungwa vile vile, kichwa kimenyanyuka kidogo shavu lisiguse, mguu wa kushoto mbele. Mimi niliinamisha shavu kwenye waya ndo maana nilirudi nyumbani na alama, yeye hakuinamisha. Vidole vyake siku hizi haviwezi hata kufunga vifungo vya shati. Shangazi akapiga kelele toka jikoni bukari inaungua arudishe mwiko, akarudisha.

Usiku nikamtumia mzee wa Kentucky ujumbe: weka 28. Saa zetu na zao haziendani, nikaamka asubuhi nakuta kanijibu, amepiga shajeri kadhaa mfululizo hakuna kilichokwama, na anataka kujua nani kaniambia. Nikamwambia. Ndo nikafungua mlango wa maswali, kila siku ananitumia: walibeba shajeri ngapi, walipakaa mafuta gani wakati wa mvua, kweli walikuwa wanaipenda? Hilo la mwisho kambo alicheka. Akasema Basuedi wa ONU, jeshi la Umoja wa Mataifa, balikuwa na yabo, ile ndo ilikuwa mitrayeti, yetu ilikuwa ya kuvumilia. Nikapeleka. Kumbe kweli, Wasuedi waliokuja na ONU walibeba Carl Gustaf m/45, na mzee anayo moja hapo hapo dukani, akatuma picha. Kambo akaikuza na kidole gumba mpaka ikajaa kioo chote, akasema ndiyo, hii, kisha akarudisha simu akawasha redio.

Sasa mzee anaomba kambo akae mbele ya kamera saa moja aeleze yote, na yuko tayari kutoa dola 100. Mimi niliona ni pesa nzuri, vijana wa nyumbani walishaanza kuzigawa. Kambo akauliza ile kodi ya serikali yake kwa bunduki moja ni ngapi tena. Nikamwambia 200.

"Basi mwambie na mimi ni 200. Na habari ya nani alipigwa na nani, hiyo haimo."

Ujumbe nimeshautuma.