Nilivyopima wasikilizaji wa redio Dar es Salaam kwa watu 400

Dar es Salaam kila kituo ni namba moja. Clouds FM, Efm, Wasafi FM, Radio One, East Africa Radio, TBC Taifa na wengineo wanagombea sikio lile lile la asubuhi, na mwenye matangazo anataka tarakimu. Kazi yangu ilikuwa kupima kituo kidogo kinasimama wapi kati ya hao, bila bajeti ya kununua ripoti ya kampuni ya utafiti. Nilitumia wadadisi 6, siku 7 mfululizo na dodoso lililowekwa kwenye simu kwa KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya utafiti.

Mgawanyo nilianzia kwenye Sensa ya 2022. Mkoa una watu 5,383,728. Nikachukua mitaa 40, watu 10 kila mtaa, kwa uwiano wa wilaya: Ilala 12, Temeke 10, Ubungo 8, Kinondoni 7, Kigamboni 3. Mitaa yenyewe ilipatikana kwa kura. Ukimwachia mdadisi achague, ataishia Sinza na Kariakoo, Chanika hataiona. Mdadisi mmoja, mtaa mmoja kwa siku: nafasi 42 kwa mitaa 40, mbili zikabaki za dharura ya mvua. Hakikisha kila wilaya inapata siku za kazi na za wikiendi pia.

Mtaani, hatua ya kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa na barua. Bila hiyo utafukuzwa kabla ya kaya ya tatu. Kutoka hapo unahesabu nyumba, unaingia kila ya kumi, na ndani unamhoji mwenye umri wa miaka 15 na zaidi ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata. Hayupo? Rudi mara mbili kabla ya kumbadilisha. Kazi ianze saa 8 mchana na kuishia saa 2 usiku. Ukigonga milango asubuhi tu, utapata akina mama na wazee, na dereva wa bodaboda hatahesabiwa kabisa.

Sasa swali lenyewe. Ukiuliza “Unasikiliza redio gani?” utajibiwa jina la redio maarufu, hata na mtu ambaye hajaiwasha mwezi mzima. Mimi nilianzia kwenye siku ya jana: uliamka saa ngapi, ulikuwa wapi, redio ilikuwa inasikika? Jibu linajaza vyumba vya robo saa kwenye dodoso, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku, yaani vyumba 72. Aliyesikiliza walau dakika 5 ndani ya robo saa anahesabiwa. Kituo kilichomtuma mdadisi hakitajwi popote, na fulana ya kituo inabaki nyumbani.

Hapo kwenye saa ndipo programu za kigeni zinapotuumiza. Ukitumia sehemu ya muda iliyomo kwenye programu bila kuibadilisha, mdadisi anasikia “saa moja” anaandika 01:00, na kipindi cha asubuhi kinahamia usiku wa manane. Andika vyumba kwa saa zetu, “saa 1:00 hadi 1:15 asubuhi”, mdadisi abonyeze tu.

Kosa la pili ni majina. Masafa yamebanana: Clouds 88.5, Wasafi 88.9, na msikilizaji wa redio ya mshale hawezi kuapa alikuwa wapi. Zaidi ya hapo, wengi humtaja mtangazaji, na watangazaji wa mji huu huhama vituo kama wachezaji wa mpira. “Namsikiliza fulani” ni mwanzo tu wa mahojiano. Fuatisha na saa, jina la kipindi, na kadi yenye nembo za vituo vyote, mpangilio wake ukibadilishwa kwa kila anayehojiwa. Kisha uliza chombo: redio, simu, gari, televisheni au intaneti? Clouds, Wasafi na East Africa wana televisheni pia, na klipu ya Instagram mtu huiita redio bila wasiwasi. Niliiweka pembeni kwenye safu yake.

Kuna daladala pia. Abiria wa Mbagala hachagui kituo, anachagua dereva. Kila chumba kilipata herufi: C kwa aliyechagua, K kwa aliyeikuta. Saluni, gereji na daladala huongeza K nyingi sana. Kwa muuza matangazo K ni masikio halali. Kwa mpanga vipindi haina maana, kwa sababu mtu huyo hatafuata kipindi kikihamishwa.

Hesabu haina uchawi, ila inazua ugomvi. Tuseme kati ya 400, jana walisikiliza redio 260, na vyumba vyao vyote ni 2,340. Kituo A kina watu 78, wastani wa vyumba 4: jumla 312. Kituo B kina watu 52 wanaokaa vyumba 9: jumla 468. A kimefikia asilimia 19.5 ya watu, B asilimia 13, lakini kwa sehemu ya usikilizaji, yaani vyumba vya kituo kati ya vile 2,340, B kina asilimia 20 na A 13.3. Vyote viwili vitajiita namba moja, na hakuna atakayesema uongo. Kwa sampuli ya ukubwa huu iliyokusanywa kimtaa, jipe nafasi ya kukosea ya pointi 4 hadi 5 kila upande kwenye hizo asilimia za watu. Wasikilizaji wa usiku wakiwa 30, usithubutu kuwagawa kwa umri.

Udanganyifu wa wadadisi unaonekana mapema: mahojiano ya dakika 4, vyumba vinavyoishia saa kamili daima, watu kumi wa nyumba moja kwenye ramani. Nilipiga simu kwa mmoja kati ya kila kumi, na mtaa ulioshindwa kuthibitishwa ulirudiwa wote.

Wiki nayo ichaguliwe. Siku ya Simba na Yanga, mwezi wa Ramadhani, au wiki ambayo kituo kinagawa zawadi hewani, vyote hupindisha namba. Duru ya pili niliifanya baada ya miezi mitatu, mitaa ile ile, nyumba tofauti, dodoso lisiloguswa hata neno.