Wenzangu wa Uingereza, trekta lisubiri

Tangu nirudi Newala simu zenu hazinipi usingizi, na swali ni lilelile: tuchange tununue nini ili wazee wetu watoke kwenye kilimo cha kujikimu? Trekta? Mashine ya kubangua korosho?

Jamani, mzee mwenye mikorosho halimi korosho za kula. Anauza karibu zote, na nyingi hupanda meli ghafi kwenda India na Vietnam. Biashara alishaingia kabla sisi hatujazaliwa. Kinachomkwamisha ni ile miezi ya katikati ya mwaka. Dawa ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri siku hizi huja kwa ruzuku, lakini palizi na upuliziaji ni hela taslimu, na mavuno ni mpaka Oktoba hivi. Hapo ndipo mchuuzi wa kangomba hupita jioni na noti mfukoni, ananunua korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa.

Mjomba wangu (na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno) aliniambia bila kuuma maneno: "Mjomba, mimi mnadani napeleka magunia ya watu."

Utaratibu wenyewe wa mnada si mbaya. Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho huku Mtwara mwaka 2007: mzigo unapimwa kwa mizani pale AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapangiwa daraja, unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana bei. Wakulima wana haki ya kuikataa bei, na mwaka 2018 waliikataa kweli, hadi serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wengine walisubiri malipo kwa miezi. Sasa niambieni, nani anaweza kukataa bei, au kusubiri hivyo, wakati ana deni la kangomba shingoni na ada ya shule ya Januari inabisha hodi?

Kwa hiyo mchango wetu ninautaka uwe mfuko wa kukopesha. Mjomba na wenzake wamekwishakaa wakakubaliana: hela itoke Juni, kwa riba ndogo, kila mtu adhaminiwe na majirani wawili, na marejesho yafanyike malipo ya mnada yakishaingia benki. Wameomba pia mweka hazina awe mwanamke, sababu wanaijua wenyewe.

Mashine ya kubangua tutaizungumza msimu ukiisha. Anayechanga anitumie ujumbe kabla ya mwisho wa Mei.