Faini ya milioni tano haitishi kampuni kubwa

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile tunayoiita ODPC, ilipiga watu watatu faini kwa mpigo mmoja, shule moja, klabu moja ya Nairobi, na kampuni ya mikopo ya simu inayoitwa Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash. Hao wa mikopo walipigwa shilingi 2,975,000. Kosa lao ni kwamba walitumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine, wakawa wanapiga simu na kutuma meseji za vitisho. Habari ilizunguka kwa magrupu ya WhatsApp watu wanapongezana, na mimi nilifurahi sana, manake tuliona mtu analipa kwa ule ukatili. Lakini tangu siku ile kuna kitu kinanikera kuhusu hiyo hesabu na nataka nikiseme vizuri leo.

Kwanza turudi nyuma kidogo kwa wale ambao hawajapitia haya mambo. Kwa miaka mingi hapa Kenya mtu yeyote angeweza kufungua apu, akaanza kukopesha, na hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa na mamlaka ya kumuuliza riba yako ni ngapi. Benki Kuu ilisimamia benki na taasisi za amana, hawa hawachukui amana basi wakawa hawana mwenyewe. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondoa kwenye mpango wa kupeleka majina ya watu CRB, zile ofisi zinazoweka rekodi za wanaolipa na wasiolipa madeni, na ikasema deni la chini ya elfu moja lisimharibie mtu jina huko, na hapo ndipo wengi wao wakakazana na njia nyingine ya kudai, yaani kukuaibisha. Wakopaji wakalalamika, wabunge wakasikia, Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikafanyiwa marekebisho, Machi 2022 kanuni zikatoka, na kila mkopeshaji wa simu akapewa mpaka Septemba 17 mwaka huo awe ameomba leseni. Waliomba 288. Waliopewa wakati ule ni 10 tu! Ilipofika Oktoba 2024 walikuwa 85. Sasa hebu fikiria wale wengine walikuwa wanaendeshaje biashara zao mpaka leseni zimekuwa ngumu namna hiyo.

Huko kuaibishwa nimekuona kwa karibu. Dadangu ana saluni ndogo Kisauni, mwaka mmoja friji iliharibika, ada ya shule nayo inadaiwa, akaingia kwa apu moja akaomba elfu tano. Ikaingia elfu nne na kidogo, ile nyingine wameshakata mwanzoni wakaiita ada ya huduma, na baada ya siku saba wanataka elfu tano kamili na riba juu. Alichelewa siku chache. Wakampigia mwenyekiti wa chama chake, wakamtumia meseji ustadh wa madrasa ya watoto, wakamtumia mpaka fundi wa friji, mtu ambaye walikuwa wameongea mara moja tu kuhusu gesi! Meseji zile zilimtaja jina kamili, zikamuita mwizi, zikamwambia ustadh amshauri alipe kabla hajashikwa na polisi. Polisi wa nini jamani, deni la mkopo si kesi ya jinai. Ile kitu ilimkondesha. Alipata pesa akalipa, lakini kwa chama hakurudi, hadi leo akiona namba ngeni hapokei simu, na biashara ya saluni ni ya kupokea simu za namba ngeni.

Na haya yote ni makosa, si mambo ya kubishania. Kanuni za 2022 zinakataza vitisho, zinakataza matusi, zinakataza kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa bila idhini, zinakataza kutangaza jina lake ili aone aibu. Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019. Katiba yenyewe kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupewa taarifa kamili, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia akiumizwa, na juu yake kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Kwa hiyo mtu akikwambia Kenya hatuna sheria mwambie zipo na zimeandikwa vizuri, shida iko pale kampuni inapopatikana na hatia.

Sikiliza sasa. Sheria ya data inasema faini ya juu kabisa ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia, na kati ya hizo mbili inachukuliwa iliyo NDOGO. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Kampuni yenye mauzo ya milioni mia moja kwa mwaka, asilimia moja yake ni milioni moja, basi haiwezi kupita hapo. Kampuni yenye mauzo ya bilioni kumi asilimia moja ingekuwa milioni mia moja, lakini sheria inaikinga, inalipa tano. Tano kwa bilioni kumi! Hiyo ni asilimia 0.05. Yaani kadri unavyokuwa mkubwa ndivyo adhabu inavyokuwa nyepesi kwako, na walioumizwa ni wengi zaidi kwa sababu wateja wako ni wengi zaidi. Kule Ulaya sheria yao ya data inaenda hadi asilimia nne ya mauzo ya dunia nzima na inachukuliwa iliyo kubwa.

Oppo Kenya, wale wa simu, walipigwa hiyo milioni tano Desemba 2022, kwa kuweka picha ya mtu kwenye Instagram yao bila ruhusa yake. Picha moja, mlalamikaji mmoja. Aprili 2023 wakaja Whitepath, kampuni ya mikopo, malalamiko karibu 150 dhidi yake, watu mia na hamsini wamechukua muda wao kuandika, na faini ikawa hiyo hiyo milioni tano kwa sababu dari ni hiyo. Simlaumu Kamishna Immaculate Kassait kwa hili, yeye amefika mwisho wa kamba aliyopewa.

Linganisha na Mamlaka ya Ushindani, CAK. Hawa sheria yao inawaruhusu kwenda hadi asilimia 10 ya mauzo. Agosti 2023 walizikamata kampuni tisa za vyuma vya ujenzi zilizokuwa zinapanga bei pamoja, wakazipiga jumla ya shilingi milioni 338 na ushee. Kila mtu aliyejenga nyumba ya vyumba viwili miaka hiyo alilipia ule mpango bila kujua. Na Nigeria, Julai 2024, tume yao ya kulinda watumiaji ilipiga Meta, wenye WhatsApp, faini ya dola milioni 220 kwa namna WhatsApp ilivyochukua data za Wanigeria, Meta wakakata rufaa, na Aprili 2025 baraza la rufaa likasema faini ibaki. Nigeria wana matatizo yao kama sisi, rushwa, kesi kuchelewa, kila kitu, lakini walifanya uchunguzi wa zaidi ya miaka mitatu bila kuachia. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba nchi zetu ni ndogo mno kushika makampuni ya dunia mimi siikubali hata kidogo.

Hata Google wenyewe walibadilika waliposukumwa. Kuanzia Januari 2023 apu ya mikopo ikitaka kukaa Play Store ya Kenya ilibidi ionyeshe uthibitisho wa leseni, na kuanzia Mei 31 mwaka huo wakazikataza apu za mikopo kuchukua namba na picha zilizo kwenye simu ya mtu. Mimi naamini hilo liliokoa watu wengi kuliko faini zote nilizotaja. Lakini zile apu unazotumiwa kwa linki hazipiti huko, na kuna wakopeshaji wanaokuomba uandike mwenyewe namba za watu watano kabla hawajakupa kitu.

Kwa hiyo wabunge wetu wafanye kitu kimoja tu, wabadilishe kile kifungu cha faini kwenye sheria ya data, kati ya milioni tano na asilimia moja kichukue iliyo kubwa. Nimemwandikia mbunge wetu na nitaendelea kumwandikia, na wewe muulize wako akija kwa mazishi au harambee, pale ndipo wanapatikana.

Huku tukisubiri, lalamikeni, manake bila faili la malalamiko hakuna ofisi inayoamka asubuhi ikaenda kumkamata mtu. Kinachokwamisha wengi ni jina. Jina la apu si jina la kampuni. Ukiangalia orodha ya Benki Kuu unatafuta apu yako huioni unadhani haina leseni, kumbe kampuni ina jina jingine kabisa, kama hao Mulla Pride niliowataja. Fungua yale masharti marefu tusiyosoma, jina la kampuni liko huko, au angalia Play Store chini kwa mtengenezaji. Piga skrinshoti zikiwa na namba na tarehe, weka na meseji ya M-Pesa ya siku ulipopokea na siku ulipolipa. ODPC kisheria wana siku 90 kumaliza lalamiko lako. Na omba fidia kwa maandishi, kwa sababu faini inaenda serikalini, wewe haikufikii, lakini kifungu cha 65 cha sheria ya data kinampa aliyeumizwa haki ya kufidiwa, na kinahesabu hata usumbufu wa moyo, si pesa iliyopotea peke yake.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea wakidhani mwenye haki ya kulalamika ni aliyekopa peke yake. Aliyekopa huwa ana aibu, anajiona mkosaji, anataka yaishe. Ustadh hakukopa, fundi wa friji hakukopa, wala hakuna siku walibonyeza kukubali masharti ya apu yoyote, namba zao zilichukuliwa na kutumiwa tu. Kama wewe ndiye uliyepigiwa kwa deni la mtu mwingine basi wewe una lalamiko lako kamili, la jina lako mwenyewe, na huhitaji ruhusa ya mdaiwa kulipeleka. Fomu iko kwenye tovuti ya ODPC, ni bure.