Kabla ya kukata tiketi ya Moscow–Vladivostok

Mnaotaka kuivuka Urusi kwa treni, kilomita 9,289, chagueni kitanda kwa makini. Behewa la daraja la tatu, platskart, lina vitanda 54 na vyumba visivyo na milango. Namba witiri ni vitanda vya chini, shufwa vya juu. Ziepukeni 37 na 38: ziko jirani na choo, mlango utawapigia kelele usiku kucha. Maji ya moto ni bure, bebeni kikombe na majani ya chai. Vyoo vya mabehewa ya zamani humwaga relini, ndiyo maana mhudumu huvifunga treni ikikaribia stesheni, wahini mapema. Na saa! Tangu Agosti 2018 tiketi huandikwa saa za mahali husika, na Vladivostok iko mbele ya Moscow kwa saa 7.